Pumzi za Maji

Sisi watu wa Saint-Ozias, kijiji cha bondeni huku kaskazini kwenye theluji, tukienda hospitali ya mjini hatuli. Hata mtoto wa darasa la kwanza analijua hilo. Ukienda kupimwa damu huli, ukienda kupigwa picha ya mguu huli, na kinyozi wetu Aurèle alipokwenda kupimiwa miwani alifunga tangu jana yake kama mtu anayekwenda kukatwa utumbo. Ukienda kumtazama mgonjwa tu unaruhusiwa kahawa, lakini wapo wasiokunywa.

Watu wa mjini wakisikia hucheka. Wengine wanadhani ni dini, wengine wanadhani ni ushamba. Basi niseme lilikotoka, maana mimi sisahau, na sipendi wengine wasahau kwa raha zao.

Tulikuwa na hospitali yetu, ndogo, ya matofali, nyuma ya kanisa. Wodi yake ya wazazi ilikuwa na vitanda vinne na dirisha linalotazama mto. Mimi nimezaliwa mle, na kaka yangu Léandre kazaliwa mle. Kisha wakaja wakubwa wenye makoti mazuri, wakatukusanya katika ukumbi wa chini wa kanisa, wakatuambia wodi inafungwa kwa sababu wanawake wa bonde letu hawazai vya kutosha. Ndivyo walivyosema, na mapadri wamekaa pale pale. Hatuzai vya kutosha, kama kuku! Nilisimama nikawauliza mama zao wao walizaa wangapi, nikatolewa nje. Wiki ile ile lori likaja likabeba vile vitanda vinne. Wanaume waliokuwa wakivipakia hawakututazama usoni, kwa sababu walikuwa wa kwetu.

Tangu siku hiyo mambo yote ni mjini, karibu saa tatu kwa gari wakati wa kiangazi. Wakati wa theluji hakuna anayejua, muulize dereva wa trekta la kusukuma theluji. Na baridi ya kwanza tu, watu wetu wakaanza kurudishwa. Unafika, yule wa mapokezi anakuuliza bila kuinua macho, "Umekula?" Unasema umekunywa chai tu. "Basi rudi, uje wiki ijayo." Hakuna aliyekuwa amekuambia usile. Mmoja alirudishwa kwa chai, mmoja kwa nusu biskuti, mmoja kwa peremende aliyoimumunya njiani ili asitapike. Baada ya hapo kijiji kikajitungia sheria yake: usile, usiulize, usile tu.

Na sheria ikazaa desturi. Chakula kinafungwa asubuhi, kinawekwa garini, na kinaliwa ukishatoka. Tunakiita chakula cha maegesho. Siku za kliniki utaona pikapu zetu zimejipanga kule mwisho wa maegesho ya hospitali, vioo vimejaa mvuke, watu wanakula maharage ya kuokwa na ploye, zile chapati zetu laini za njano zenye vitundu upande mmoja, kama wametoka jela.

Hivyo ndivyo alivyokwenda Maryse, binti ya kaka yangu, akiwa na mimba ya wiki thelathini na tatu. Alikwenda na tumbo tupu.

*

Maryse ni dereva wa basi la shule. Hii ni mimba yake ya kwanza, na ilikwenda vizuri tangu mwanzo. Hakutapika sana, hakuvimba miguu. Mumewe Rénald anakata miti msituni, hurudi Jumamosi. Kwa hiyo safari za mjini tulikuwa tunakwenda watatu: Maryse, mimi shangazi yake nikiendesha, na Exilda, mama mkwe wake, akiwa amekaa nyuma na kapu la chakula mapajani kama mlinzi wa benki.

Mimi na Exilda hatusemezani sana. Wafanyakazi wa kiwanda cha chipsi tulipogoma, mimi nilikuwa langoni na bango, theluji imenifika magotini, na yeye akapita katikati yetu kwenda kazini, kichwa chini. Watu wengi wameshasahau mgomo ule. Mimi naweza kukuambia alikuwa amevaa skafu ya rangi gani.

Lakini Maryse anatupenda wote wawili, na mtoto alikuwa anakuja, basi tulibanana humo garini.

Kitu kilichomshika Maryse tangu mwanzo ni ile picha ya kwanza ya mashine, kwenye wiki ya kumi na mbili hivi. Mpiga picha ni mama mmoja anaitwa Darlene, mnene, mcheshi, ana sauti ya mtu anayeuza samaki. Mtoto alikuwa na ukubwa wa ndimu. Darlene akasema, "Tazama hapo, mama. Hapo kifuani. Umeona?"

Sisi tuliona vumbi tu.

"Subiri. Haya! Umeona?"

Kweli, kile kifua cha ukubwa wa kucha kilishtuka mara moja, kama mtu aliyekumbuka jambo. Kisha kimya.

"Anafanya nini?" Maryse akauliza.

"Anapumua."

"Anapumua nini, wakati yumo majini?"

"Anapumua maji," Darlene akasema. "Hewa yake inatoka kwako wewe, inapita kwenye damu na kitovu. Hii ya kifuani haimpi hewa hata chembe. Ni mazoezi. Utando wa misuli ulio chini ya mbavu unashuka, unapanda, maji yanasogea kidogo. Asipofanya hivi mapafu hayakui. Yatabaki kama soksi isiyovaliwa."

Exilda akapiga ishara ya msalaba. Mimi nikasema, "Hajazaliwa na keshaanza zamu."

"Tena bila mshahara," Darlene akasema. Nikampenda yule mama.

Akatueleza kwamba katika umri ule mambo bado ni ovyo ovyo: kushtuka kumoja hapa, kwikwi pale, kisha muda mrefu hakuna kitu. Ubongo ndio kwanza unajifunza kuutuma ujumbe. Na kweli, tuliporudi kwenye wiki ya ishirini, kifua kilikuwa kinakwenda mara nne au tano mfululizo kabla hakijapumzika. Maryse aliangalia mpaka machozi yakamtoka. Darlene akamwambia, "Ukifika wiki ya thelathini na kitu utamkuta fundi. Atapumua kwa vipindi, vizuri, kwa mpangilio, kiasi cha theluthi ya siku nzima. Na atapumzika katikati, wakati mwingine saa nzima au zaidi, hasa akilala."

Maryse alilichukua hilo akaondoka nalo. Akiendesha basi lake na wale watoto wanapiga kelele nyuma, mtoto akipata kwikwi tumboni, alikuwa anasema kwa sauti, "Haya, fanya mazoezi, baba." Watoto wa shule walidhani anazungumza na basi.

*

Siku ile kilichotupeleka ni utepe. Muuguzi anayepita kijijini kila wiki alipima tumbo la Maryse kwa utepe akaona limepungukiwa kidogo. Akasema pengine ni mlalo wa mtoto tu, lakini aende akaangaliwe kesho yake.

Exilda akaanza kazi pale pale. Chakula cha mchana kikawa cha mwisho. Usiku Maryse akaomba hata kipande cha mkate.

"Vumilia, mwanangu," Exilda akamwambia. "Ukila watakurudisha. Theluji inakuja. Unataka kurudishwa?"

Asubuhi harufu ya maharage ilijaa gari zima. Tulipita mashamba ya viazi yamelala meupe, Maryse amefungua kioo kidogo apate hewa.

"Shangazi, nikifa njaa humu garini, uandike kwenye bango lako nani aliniua."

"Nitaandika majina yao yote, kuanzia waliobeba vitanda."

"Na langu utaliweka, najua," Exilda akasema kutoka nyuma.

"Lako lina bango lake peke yake."

Maryse akacheka mpaka akashika tumbo. Hicho kilikuwa kicheko cha mwisho kwa muda mrefu siku ile.

Darlene alitupokea kwa kelele zake za kawaida. Akapaka ile rojo ya baridi, akaweka chombo, akapima kichwa, paja, tumbo la mtoto. "Utepe wa muuguzi wenu umedanganywa," akasema. "Mtoto kajilaza kama yuko ufukweni. Ukubwa wake mzuri kabisa. Maji ya uzazi mengi. Moyo huo, unausikia?" Tukausikia, unakwenda mbio kama cherehani. "Mkono huo, anaufungua, anaufunga. Safi."

Kisha akasogeza chombo, akakisimamisha.

Maryse hakuwa anatazama mkono. Alikuwa anatazama kifua.

"Mbona hapumui?"

"Tunampa muda," Darlene akasema.

Tukampa muda. Darlene alisogeza chombo huku na huku, akamwambia Maryse alale ubavu, akalitikisa tumbo kidogo kwa kiganja. Mtoto akapiga teke. Kifua kilikaa kimya kama mlango uliofungwa. Nusu saa nzima tulikitazama. Nimesimama kwenye malango mengi nikisubiri mambo mengi, sijawahi kusubiri kitu kidogo namna ile kwa moyo wangu wote.

Darlene akafuta mikono. "Nakwenda kumwita daktari," akasema, na sauti yake ya samaki haikuwemo.

*

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, anaitwa Sorensen, mgeni, wiki yake ya pili pale. Alijitambulisha kwetu mmoja mmoja, akavuta kiti akakaa ili macho yake yawe sawa na ya Maryse. Hilo nililiona, na nililiandika kichwani, upande wa mazuri, ambao hauna mengi.

"Mambo mengi hapa ni mazuri," akasema. "Moyo, maji, viungo, ukubwa. Ila kuna kimoja sijakiona, nacho ni kupumua. Katika wiki hii tunategemea tukione ndani ya nusu saa, angalau kipindi kimoja. Huenda amelala tu. Watoto wazima kabisa hukaa hivyo kwa muda. Lakini pia mtoto anayepungukiwa hewa huacha kupumua kwanza, kabla hajaacha kucheza. Anabana matumizi."

"Sasa?"

"Ungekuwa unakaa mtaa wa pili, ningekwambia nenda, rudi kesho asubuhi tuangalie tena. Lakini unakaa saa tatu kutoka hapa na theluji inaanza jioni. Siwezi kukurudisha nyumbani na alama ya kuuliza. Na hapa hatuna chumba cha watoto njiti. Naona tuwapigie hospitali kubwa ya kusini, uende kwa gari la wagonjwa leo hii. Wao wataamua kama wakuangalie au wamtoe."

"Wamtoe," Maryse akasema. "Sasa hivi? Mapafu yake hayajamaliza."

"Yamekwenda mbali. Wengi wa umri huu wanaishi vizuri. Lakini ndiyo, angehitaji msaada wa kupumua."

Maryse akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo, juu ya ile rojo. "Alikuwa anafanya mazoezi vizuri," akasema. Hakuwa anamwambia yeyote. "Alikuwa anafanya vizuri, jamani."

Mimi damu ilikuwa imeshanipanda. Niliona yote pale: vitanda vinne kwenye lori, dirisha la mto, wale wenye makoti. Maana daktari kasema mwenyewe, na kasema kweli: angekuwa mtaa wa pili angekwenda kulala kwake arudi asubuhi. Kilichokuwa kinamtoa mtoto wetu tumboni ni barabara. Nikafungua mdomo, na ningesema ya miaka thelathini. Lakini daktari alikuwa ameshamgeukia Maryse na swali jingine, akiuliza kwa upole tu, kalamu mkononi.

"Leo umekula nini?"

Kabla Maryse hajajibu, Exilda akainuka kwenye kiti chake. Akainua kidevu.

"Hajala kitu, daktari," akasema. "Tangu jana mchana. Hata maji nimempa kidogo tu ya kulowesha mdomo. Mimi mwenyewe nimemlinda."

Alisema vile mtu anavyoonyesha nyumba iliyofagiwa.

Daktari akashusha kalamu. Akamtazama Exilda, akamtazama Maryse, akamtazama Darlene. Darlene akafunga macho akasema, "Mungu wangu, Saint-Ozias."

"Nani aliwaambia asile?"

"Ninyi," nikasema.

"Lini?"

"Tangu mlipobeba vitanda vyetu."

Hakuelewa, na angeelewaje? Basi nikamweleza, kwa ufupi kuliko nilivyowahi kueleza jambo lolote, kuhusu mapokezi, na chai, na biskuti, na peremende. Nilitegemea atetee kazi yake, wote hutetea. Yeye aliusogeza ule kiti karibu zaidi.

"Sikilizeni," akasema. "Mtoto huyu anakula kile anachokula mama. Sukari ikipanda kwenye damu ya mama, baada ya mlo, watoto wa umri huu hupumua zaidi, vipindi vinakuwa vingi. Mama akikaa na njaa muda mrefu, vinapungua. Si kwamba anaumwa. Hana cha kuchezea tu. Sisemi ndiyo sababu. Huenda ndiyo, huenda siyo. Lakini simpandishi mtu gari la wagonjwa kabla hajala. Kantini ipo ghorofa ya chini, ingawa nadhani wamefunga…"

"Kantini ya nini!" Exilda akasema, na alikuwa ameshafika mlangoni.

*

Hivyo chakula cha maegesho kikaliwa juu ya kitanda cha hospitali, na sidhani kama kiliwahi kuliwa hivyo. Exilda alirudi anahema, mashavu mekundu kwa baridi, kapu kifuani. Akafungua kitambaa. Ploye zilikuwa bado na uvuguvugu. Akazipaka siagi, akazimwagia asali ya mti, ule utomvu mtamu tunaouchemsha, akazikunja, akampa Maryse moja baada ya nyingine, na maharage kwenye kifuniko cha chupa ya chai. Maryse alikula analia. Asali ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Tunasubiri saa moja na kitu," daktari akasema. "Gari nimeshaliambia likae tayari. Nitarudi." Akatoka. Darlene akabaki, akapewa ploye naye, akaila amesimama.

Exilda alikuwa hakai. Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nimemuua mtoto wa Rénald," akasema.

"Mama, acha," Maryse akasema na mdomo umejaa.

"Keti, Exilda," nikasema. "Hujaua mtu."

"Wewe unasema hivyo leo. Kesho utakuwa na bango."

Ningeweza kucheka, lakini kile kitambaa alikuwa amekikunja mpaka hakikunjiki tena.

"Walinirudisha mimi," akasema. Alikuwa anamwambia Maryse, hakunitazama. "Nilikuwa na Rénald tumboni. Ilikuwa baridi ile ya kwanza. Nilikunywa chai na sukari kwa sababu nilikuwa naona kizunguzungu. Yule wa mapokezi akasema rudi. Tulipofika nusu ya njia theluji ikatufunika. Tulilala garini mimi na baba yake, injini ikazimika. Usiku kucha mtoto hakucheza. Nilijua keshakufa. Asubuhi trekta lilipotukuta ndipo akapiga teke. Nikasema sitakula tena, wala wangu hatakula. Wakisema nimekula, nitasema thubutu."

Mimi ninayejisifu kwa kumbukumbu, hili sikuwa nalo. Lilitokea na mimi niko kijiji kile kile, na sikulijua, kwa sababu kufikia mwaka uliofuata palikuwa na mgomo, na baada ya mgomo hakuna aliyemuuliza Exilda jambo lolote tena. Mtoto wake alikuwa na miezi kadhaa alipopita kwenye lango letu kichwa chini. Nilijaribu kuikumbuka ile skafu. Bado naikumbuka. Sijaisamehe. Lakini niliinuka nikampa kiti changu, ambacho kilikuwa na mto, nikasema, "Kaa hapa, dada. Kula na wewe. Umefunga pamoja naye, nakuona midomo."

Akala. Tukala wote. Chumba kikanuka kama jikoni kwa mama yangu.

*

Darlene akaweka chombo mara ya pili. Daktari alisimama nyuma yake, mikono imefungwa kifuani.

Mtoto alikuwa amegeuka kidogo. Tuliona uti wa mgongo kama zipu, mbavu, moyo unacheza. Kifua kimya. Nikahesabu moyoni, nikaacha kuhesabu. Maryse alikuwa ameushika mkono wangu upande mmoja na wa Exilda upande wa pili, na anatuminya sawasawa, bila upendeleo.

Kifua kikashtuka mara moja.

"Hiyo ni kwikwi," Darlene akasema haraka, kabla hatujafurahi. "Kwikwi siihesabu."

Ikaja nyingine, na nyingine. Kisha zikakoma, na pale ambapo tungetegemea kimya, ule utando chini ya mbavu ukashuka polepole, laini, ukapanda. Ukashuka, ukapanda. Haikuwa kushtuka hata kidogo. Ilikuwa kama mtu aliyelala baada ya kula, shati linapanda na kushuka.

"Hiyo," Darlene akasema. "Hiyo ndiyo. Endelea, baba. Usiniangushe, nipe nusu dakika."

Akatupa zaidi ya nusu dakika. Aliendelea, akapumzika kidogo, akaanza tena. Darlene alituonyesha puani pa mtoto, maji yanatoka na kuingia kama moshi mdogo mweusi kwenye picha. Kwenye wiki ya kumi na mbili nilikuwa nimeona mtu aliyekumbuka jambo. Sasa niliona mtu anayeijua kazi yake.

"Fundi," Maryse akasema.

Daktari akakaa. "Mzuri," akasema. "Mzuri kabisa. Nendeni nyumbani kabla ya theluji. Na mimi nitalipigia lile gari liende zake."

Exilda akauliza, kwa sauti ndogo, kama anaweza kumpa Maryse ploye iliyobaki.

"Mpe," daktari akasema. "Na kama kuna nyingine, mimi sijala tangu asubuhi."

*

Msidhani nilinyamaza. Tukiwa tunatoka nilipita mapokezi. Yule wa sasa ni kijana, hajazaliwa wakati ule, lakini swali wamemrithisha: kabla sijafungua mdomo alimuuliza mzee mmoja aliyefuata kwenye foleni, "Umekula?" Nikamwambia yule mzee asijibu. Nikamwambia kijana aniitie mkubwa wake, na mkubwa wa mkubwa wake. Daktari Sorensen akashuka akasimama upande wangu, koti lake jeupe lina doa la asali. Kufikia mwisho wa mwezi wakawa wamebandika karatasi mlangoni: wajawazito waje wameshiba, na vipimo vya kufunga mtu ataambiwa kwa simu kabla hajaondoka kwake.

Karatasi! Watu wa Saint-Ozias wameshaona karatasi nyingi. Hakuna aliyeiamini. Ilibidi Maryse asimame mwenyewe katika ukumbi wa chini wa kanisa, usiku wa mchezo wa bingo, tumbo limemtangulia, pale pale waliposema hatuzai vya kutosha, awaeleze wanawake alichokiona. Akawaonyesha kwa kiganja chake kifuani: kimya, kisha kwikwi, kisha hivi, hivi, hivi. Wanawake wakaweka mikono kwenye vifua vyao wakajaribu. Aurèle kinyozi akauliza kama hilo linahusu na miwani.

Wiki za mwisho Exilda alimlisha kama anayenenepesha bata. Mwanzoni mwa Machi, wiki ya thelathini na tisa, tulikwenda kliniki ya kawaida, gari zima limeshiba mpaka tunapiga mbweu. Darlene akaweka chombo. Kifua kilisogea kidogo tu, kikapumzika muda mrefu.

Exilda akanishika kiwiko. Lakini Maryse alitabasamu kabla Darlene hajasema neno.

"Anapunguza," akasema. "Si ndiyo? Uliniambia wakikaribia huwa wanapunguza."

"Mara nyingi, siku chache kabla ya uchungu," Darlene akasema. "Si saa ya ukutani, usije ukanishitaki. Vingine vyote viko sawa. Ila ningekuwa mimi, na barabara ile yenu…"

Hatukurudi. Tulilala mjini kwa binamu wa Exilda, watatu kwenye kitanda kimoja, na hapo nilijua kwamba Exilda anakoroma. Rénald akaletwa na lori la magogo. Uchungu ukaanza keshokutwa yake wakati wa kifungua kinywa.

Tulipofika mapokezi yule kijana akainua macho, akafungua mdomo, na sisi wote wanne tukamwahi kwa sauti moja, kama langoni enzi zile, hadi watu kwenye viti wakageuka:

"Amekula!"

Exilda ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Mtoto alizaliwa mchana, wa kiume, kilo tatu na nusu. Alitoka kimya, na kwa kitambo kifupi kifua chake chenye unyevu hakikufanya kitu, na mimi nikaona tena ile picha. Kisha kikashuka, kikapanda, na safari hii kulikuwa na hewa ndani yake. Akalia hewani kwa hasira kubwa, mdomo wazi, ngumi juu.

"Wa kwako huyu," Exilda akaniambia. "Keshaanza kugoma."

Nikamwambia amshike yeye kwanza.